Farasi na Ngao: Picha za Vita vya Waingereza na Wazulu, 1879

Picha ya vita ni shahidi wa namna ya pekee. Shahidi wa kawaida husimama mbele ya kadhi, akaulizwa alikuwa wapi siku ya tukio, aliona nini kwa macho yake, na lipi alilosikia kwa wengine. Picha haiulizwi. Hutundikwa ukutani, watu wakapita mbele yake, wakatazama, wakaamini. Kitabu kikisema uongo hubishwa kwa kitabu kingine. Lakini aliyekwisha kuiona picha hubaki nayo moyoni, na aghalabu huidhania kuwa ni kumbukumbu yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo yafaa, katika makala haya, tuziite barazani picha chache za vita vya mwaka 1879 kati ya Waingereza na Wazulu, tuziulize maswali matatu: Ni nani aliyechora? Habari zake alizipata wapi? Na nani aliyeachwa nje ya picha? Swali la tatu ndilo zito kuliko mengine. Katika vita hivyo Waafrika walipigana pande zote mbili, kwa miguu na juu ya farasi. Lakini picha zilizopata sifa kubwa zawajua wa upande mmoja tu, nao zawajua kama kivuli.

Vita vyenyewe

Mtu aliyeviwasha vita hivi si mgeni katika historia ya pwani yetu. Sir Bartle Frere ndiye aliyekuja Unguja mwezi wa Januari 1873 kumtaka Sayyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa, na kwa jina lake makao ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa yaliitwa Freretown. Miaka mitano baadaye alikuwa Kamishna Mkuu wa Uingereza katika Afrika ya Kusini. Tarehe 11 Desemba 1878 wajumbe wa Mfalme Cetshwayo kaMpande walisomewa masharti yake. Sharti kubwa lilikuwa kuuvunja utaratibu wa jeshi la Wazulu, nao ndio uliokuwa uti wa mgongo wa dola yao. Mfalme asingeweza kulikubali sharti hilo akabaki mfalme. Siku thelathini zilipokwisha, tarehe 11 Januari 1879, majeshi ya Lord Chelmsford yalivuka mpaka.

Jeshi lililokutana nao lilikuwa jeshi la miguu. Wazulu walipanga vita kwa mfano wa ng'ombe dume: kifua katikati, pembe mbili za kuzunguka, na kundi la akiba nyuma. Utaratibu huu huitwa kwa Kizulu impondo zankomo, yaani pembe za ng'ombe, na lile kundi la katikati huitwa isifuba. Mwanafunzi wa lugha zetu atatambua upesi kwamba isifuba ni ndugu wa kifua, na inkomo ni ndugu wa ng'ombe. Hata ujuzi wenyewe si mgeni kwetu, maana Wangoni waliutoa huko kusini, wakavuka nao mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na baadaye ukajulikana Ufipa na Songea.

Kwa farasi mambo ni mengine. Mzulu humwita ihhashi, neno alilolipata kwa Mwingereza, kama sisi tulivyolipata neno farasi kwa Mwarabu. Lugha yenyewe yashuhudia kwamba mnyama huyu alikuja na wageni. Hata hivyo tusidhani kwamba Wazulu wote walikwenda kwa miguu. Zibhebhu kaMaphitha alikuwa na wapelelezi wapanda farasi, na tarehe 3 Julai 1879, karibu na mto Mfolozi Mweupe, watu wake waliwavuta wapanda farasi wa Kiingereza mpaka karibu wakawanasa mtegoni. Jambo hili na likumbukwe, kwa sababu picha hazilikumbuki.

Mwendo wa vita nitaueleza kwa maneno machache. Tarehe 22 Januari 1879, chini ya mlima wa Isandlwana, Wazulu wapatao 20,000, wakiongozwa na Ntshingwayo kaMahole na Mavumengwana kaNdlela, waliifuta kambi ya Waingereza. Chelmsford alikuwa ametoka alfajiri na nusu ya jeshi kuwatafuta adui mahali pengine. Watu zaidi ya 1,300 wa upande wa Waingereza walikufa, na katika hao Waafrika walikuwa zaidi ya 400. Alasiri ya siku hiyo jua lilipatwa kwa sehemu. Jioni yake kundi jingine la Wazulu, kati ya 3,000 na 4,000, wakiongozwa na Dabulamanzi kaMpande, waliishambulia nyumba ya misheni ya Rorke's Drift, iliyolindwa na watu wapatao 150. Walinzi walistahimili mpaka asubuhi. Walikufa 17, na kumi na mmoja walipewa Msalaba wa Victoria. Baadaye kulikuwa na Hlobane tarehe 28 Machi, ambako wapanda farasi wa Kiingereza walishindwa. Kambula kesho yake, ambako Wazulu walishindwa. Na mwisho Ulundi tarehe 4 Julai, ambako mji wa mfalme ulitiwa moto.

Picha zilivyosafiri

Wakati huo hapakuwa na waya wa simu kutoka Ulaya mpaka Natal. Habari ya Isandlwana ilichukuliwa na meli, ikafika London tarehe 11 Februari 1879, siku ishirini baada ya vita. Waya uliotoka Aden, ukapitia Unguja na Msumbiji mpaka Durban, ulimalizika mwezi wa Desemba mwaka huo huo, vita vimekwisha. Kamera zilikuwapo, lakini zilikuwa nzito, na kioo cha picha kilihitaji kitu kilichotulia. Ziliweza kupiga mahema, maafisa waliokaa vitini, na uwanja baada ya watu kuondoka. Mbio za farasi na watu hazikuweza kuzikamata. Kwa hiyo macho ya Uingereza yalikuwa ni wachoraji wa magazeti.

Mashuhuri katika hao alikuwa Melton Prior wa gazeti la Illustrated London News. Alifuatana na jeshi, akachora kwa penseli, akatuma michoro kwa meli. Katika mapigano ya Ulundi alipoteza kitabu chake cha michoro, ikambidi achore upya kwa kukumbuka. Hapo twaona mlango wa kwanza ambapo ukweli unaweza kutoroka: baina ya jicho na karatasi.

Mlango wa pili ulikuwa London. Mchoro ulipofika haukuchapishwa kama ulivyo. Msanii wa nyumbani aliuchora tena, akaongeza miili, nyuso na moshi mahali ambapo mwenzake aliweka mistari michache. Kisha ulihamishwa juu ya ubao wa mti mgumu uliofanywa kwa vipande vilivyofungwa pamoja. Vipande viligawanywa kwa wachongaji mbalimbali, kila mmoja akachonga chake: huyu anga, huyu farasi, huyu watu. Vikaunganishwa tena, vikatiwa wino. Basi sura ya Mzulu iliyomfikia msomaji wa London aghalabu ilikuwa imechongwa na fundi ambaye hakupata kufika Afrika.

Mlango wa tatu ni wa rangi, nao haukuzingatiwa kama unavyostahili. Gazeti lilikuwa jeusi na jeupe. Waafrika wa Natal walioandikwa na Waingereza katika jeshi la miguu, lililoitwa Natal Native Contingent, wengi wao hawakupewa sare. Walivaa nguo zao za desturi, wakachukua ngao na mikuki yao, na katika watu kumi mmoja tu ndiye aliyepewa bunduki. Alama yao ya kuwapambanua na adui ilikuwa kitambaa chekundu kilichofungwa kichwani. Katika chapa ya mti wekundu hauonekani. Kitambaa kile kikawa kivuli tu juu ya paji la uso, na mtu aliyekufa kwa ajili ya Malkia akafanana kabisa na mtu aliyekufa kwa ajili ya Cetshwayo. Hapakuwa na haja ya hila. Wino wenyewe ulitosha kuwafuta.

Askari wa miguu

Baada ya magazeti walikuja wachoraji wa rangi za mafuta. Tazama jinsi masomo yao yalivyofuatana. Mapigano makubwa ya siku ile yalikuwa Isandlwana. Rorke's Drift palikuwa padogo, wala hapakugeuza mwendo wa vita. Lakini katika mwaka 1880 picha mbili kubwa za Rorke's Drift zilikuwa tayari, na Isandlwana ilingoja mpaka 1885 ipate picha ya daraja yao. Taifa lililoaibika mchana lilitaka kwanza kuonyeshwa jioni yake.

Picha ya kwanza ni ya Mfaransa, Alphonse de Neuville. Huyu alikuwa amejipatia jina kwa kuchora vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 na 1871, ambamo taifa lake lilishindwa, naye alikuwa fundi wa kuonyesha kundi dogo likijitetea ndani ya nyumba. Aliichukua desturi hiyo akaihamishia Natal. Katika picha yake twaona hospitali ikiungua, wagonjwa wakitolewa, daktari akimhudumia majeruhi, kasisi akigawa risasi, maafisa mahali pao. Mambo yaliyotukia kwa saa nyingi yamekusanywa katika dakika moja, na katika mwanga unaotosha kumtambua kila mtu. Wazulu wako mbali, ng'ambo ya boma la magunia. Picha hiyo ilinunuliwa na jumba la sanaa la Sydney mwaka 1882, na huko iko hata leo.

Picha ya pili ni ya mwanamke, Elizabeth Thompson, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lady Butler. Malkia Victoria mwenyewe ndiye aliyemwagiza. Askari wa kikosi cha 24 waliporudi kutoka vitani walimchezea mapigano yale huko Portsmouth, wakiwa wamevaa sare zilezile. Katika kitabu cha maisha yake alieleza kwamba alijiondoa yeye mwenyewe, akachora kama walivyoona askari wa kawaida, kwa kuwa hao ndio waliokuwa mashahidi wake. Akaeleza pia taabu aliyoipata kwa mwanga wa moto, unaozigeuza rangi zote. Maneno haya ni ya heshima, na yanampa sifa mchoraji. Alikuwa mkweli kwa mashahidi wake. Lakini kadhi angeuliza: mashahidi hao walikuwa wa upande gani? Walikuwa wa ndani ya boma. Mtu aliye ndani ya boma usiku humwona adui katika mwako wa moto, kipande kipande, mkono hapa na ngao kule. Ndivyo Wazulu walivyo katika picha ile: pembeni, gizani. Giza hilo halikutokana na chuki ya Lady Butler. Lilitokana na kwamba Wazulu hawakuitwa Portsmouth kucheza sehemu yao.

Wala picha hizi mbili hazikufika asubuhi ya pili. Wazulu waliokutwa wamekufa kuzunguka boma walikuwa zaidi ya 350, na majeruhi waliosalia uwanjani waliuawa. Jambo hilo limo katika historia. Katika rangi halimo.

Picha ya tatu ni ya Charles Edwin Fripp, aliyetumwa na gazeti la The Graphic. Fripp alifika nchi ya Wazulu baada ya Isandlwana, kwa hiyo mapigano yale hakuyaona, lakini nchi aliiona, na watu aliwaona. Picha yake ya Isandlwana ilionyeshwa katika Royal Academy mwaka 1885, na sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Jeshi huko London. Katikati wamesimama askari wekundu, migongo yao imekutana, na kati yao yuko kijana mpiga ngoma. Nyuma yao ni mlima, ambao askari wa kikosi cha 24 waliufananisha na sanamu ya Misri iliyokuwa alama ya kikosi chao. Wazulu wa Fripp si kivuli. Wana miili, wana mwendo, wamekuja karibu. Katika picha hizi tatu hii ndiyo inayomkiri Mzulu kuwa ni mpiganaji, na haishangazi kwamba mchoraji wake ndiye aliyeikanyaga ardhi ile.

Hata hivyo, nayo yaficha jambo. Kwa kuwakusanya askari wa Kiingereza peke yao katika pigo la mwisho, yatufundisha kwamba waliosimama mpaka mwisho ni hao tu. Makamanda nao, walipotafuta wa kulaumiwa, walisema kwamba mstari ulivunjika kwa sababu ya Waafrika wa Natal. Picha haikusema hivyo kwa maneno. Iliwaondoa tu, na kuondolewa kukafanana na kukimbia.

Wapanda farasi

Askari wa miguu katika picha hizi kazi yake ni kustahimili. Mpanda farasi kazi yake ni nyingine: yeye huja kulipa kisasi, kuokoa, au kuomboleza. Na hapa ndipo sanaa inapoiacha historia mbali zaidi.

Chelmsford alipovuka mpaka hakuwa na kikosi hata kimoja cha wapanda farasi wa kawaida kutoka Uingereza. Alikuwa na askari wa miguu waliopandishwa farasi, walowezi wa kujitolea, polisi wa Natal, na Waafrika, ambao habari zao zinakuja. Kikosi cha 17 cha wapanda farasi wenye mikuki mirefu kilifika katika mwezi wa Aprili, baada ya Isandlwana kuwaamsha watu London. Lakini de Neuville, alipochora kupatikana kwa maiti za Melvill na Coghill, maafisa wawili waliokufa wakijaribu kuiokoa bendera ya kikosi, aliwaweka wapanda farasi wenye mikuki wakiwa wamejipanga kuwaheshimu wafu. Maiti hizo zilipatikana tarehe 4 Februari. Siku hiyo kikosi cha mikuki hakikuwa kimefika Afrika. Mchoraji aliwahitaji kwa sababu ya uzuri wa vibendera vyao na urefu wa mikuki yao, akawaleta miezi miwili kabla ya meli yao.

Ulundi ndiko wapanda farasi hao walikopata siku yao. Jeshi la Chelmsford, kiasi cha watu 5,000, lilijipanga mraba, askari wa miguu pande zote, mizinga na bunduki za Gatling katika pembe na pande, na wapanda farasi ndani. Wazulu walikuja kutoka kila upande, nao hawakuweza kuufikia ukuta ule wa moto. Baada ya muda usiofika saa moja walianza kurudi nyuma. Hapo mraba ulifunguliwa, na kikosi cha 17 kikatoka na mikuki yake. Wazulu zaidi ya 1,000 walikufa. Upande wa Waingereza waliokufa hawakuzidi kumi na watano. Magazeti yaliipenda sana dakika ile ya mikuki. Yalichora farasi hewani, kwato juu, ngao zikianguka. Mtazamaji asiyejua angedhani kwamba farasi ndio walioshinda Ulundi. Kwa kweli vita vilikuwa vimekwisha amuliwa na risasi kabla ya farasi wa kwanza kutoka. Mikuki ilifanya kazi ya kuwafuata watu waliokuwa wakirudi kwa miguu. Lakini bunduki ya Gatling si somo la kupendeza. Mtu azungushaye mkono wa chuma hana uzuri machoni, na farasi anao.

Picha moja ya Kifaransa yaonyesha upande wa pili wa sarafu hiyo. Tarehe 1 Juni 1879 Louis Napoléon, kijana wa miaka 23, mwana wa Napoléon wa Tatu, aliuawa alipokuwa akipeleleza pamoja na Waingereza. Aliponea kwenye tandiko ili apande farasi wake aliyekuwa akikimbia, na mshipi alioushika ukakatika. Paul Jamin alichora kifo hicho mwaka 1882, akamwonyesha mwana wa mfalme akiwakabili Wazulu. Hapa mpanda farasi amerudishwa kuwa mtu wa miguu, na mara moja anakuwa sawa na adui zake: mtu mbele ya mtu. Pengine ndiyo sababu kifo hiki kiliwashtua watu wa Ulaya kuliko vifo vya maelfu. Kilidhihirisha kwamba kimo cha mpanda farasi ni cha kuazima.

Walioachwa nje

Sasa tuje kwa wale ambao picha mashuhuri hazikuwaita. Pamoja na Kanali Durnford, asubuhi ya Isandlwana, walifika wapanda farasi Waafrika wapatao 250. Walikuwa wa makundi matatu: watu wa Zikhali, kabila la Wangwane, Watlokwa wa Hlubi, na Wakristo wa Edendale, kijiji cha misheni karibu na Pietermaritzburg. Walivaa nguo za Kizungu na kofia pana, wakachukua bunduki fupi. Kiongozi wa watu wa Edendale alikuwa Simeon Kambule, ambaye baba yake, Elijah, aliuawa mwaka 1873 akiwa katika utumishi huohuo chini ya Durnford.

Watu hawa walipigana na pembe ya kushoto ya Wazulu katika korongo mbele ya kambi, mpaka risasi zikakaribia kwisha. Kambule aliwarudisha watu wake kwa utaratibu, wakavuka mto wa mpakani, na walipofika ng'ambo hawakukimbia moja kwa moja. Waligeuka wakaelekeza bunduki kwenye kivuko, wakawazuia Wazulu waliokuwa wakiwafuata wakimbizi. Waingereza kadhaa walipona siku ile kwa sababu ya mapigo yale ya bunduki. Baadaye wapanda farasi Waafrika walipigana Kambula wakiwa nje ya boma, na huko Ulundi walikuwa miongoni mwa waliotumwa mbele kuwavuta Wazulu waje karibu na mraba. Kambule alipewa nishani ya askari waliotenda vema vitani.

Fikiri, msomaji, kama ni somo gani hilo kwa mchoraji: mto umefurika, jua limepatwa, wakimbizi wanasombwa na maji, na juu ya ukingo mstari wa wapanda farasi weusi wametulia, bunduki begani, wakiwalinda Wazungu. Lina mwanga, lina maji, lina farasi, lina wokovu. Lina kila kitu ambacho de Neuville alikitafuta hata akavileta vikosi kabla ya meli zao. Lakini hakulichora, wala Butler, wala Fripp. Mto ule katika sanaa ni wa Melvill na Coghill.

Sababu yake naiona kuwa hivi. Picha ya vita vya kikoloni ilisimama juu ya nguzo mbili: huku Mzungu, huku Mwafrika. Mtazamaji alitakiwa ajue kwa kutupa jicho moja nani ni nani. Mzulu angeweza kusifiwa kwa ujasiri, hata kuonewa huruma, maana sifa ya adui huongeza sifa ya mshindi. Baada ya vita Malkia Victoria alimpokea Cetshwayo katika jumba la Osborne, mwezi wa Agosti 1882, na akaagiza mchoraji Mjerumani, Karl Rudolf Sohn, aichore sura yake. Adui alipewa uso. Lakini Simeon Kambule, Mwafrika juu ya farasi, mwenye bunduki ya Malkia na kitabu cha nyimbo za Kikristo, aliziangusha nguzo zote mbili. Hakuwa na mahali pa kusimama katika picha. Na kwa Wazulu pia hakuwa mtu wa kuimbwa, kwa kuwa alipigana upande wa wavamizi. Hivyo amepotea mara mbili. Kumrudisha si kumtakasa. Ni kusema tu kwamba alikuwapo.

KwaJimu

Kuna mwisho wa habari hii ambao wachoraji wa zamani wasingeweza kuutabiri. Mahali ambapo Waingereza huita Rorke's Drift, Wazulu hupaita kwaJimu, yaani kwa Jim, kwa jina la mfanyabiashara James Rorke. Mwaka 1879 palikuwa ni misheni ya Waswidi. Mwaka 1963 Waswidi wawili, Peder na Ulla Gowenius, walihamishia hapo shule ya sanaa na kazi za mikono waliyokuwa wameianza mwaka uliotangulia. Katika miaka ambayo sheria za ubaguzi zilimfungia Mwafrika milango mingi ya elimu ya sanaa, shule hii ilimfungulia. Azaria Mbatha alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na kazi aliyoipenda ilikuwa ni kuchonga katika linoliamu, kutia wino, na kupiga chapa nyeusi na nyeupe.

Mmoja wa waliosoma hapo alikuwa John Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943 na kufanya kazi zake Namibia. Mwaka 1981 alichonga vita vya Rorke's Drift. Watu wake hawakuchongwa kwa mwanga wa moto, wala hapana upande uliotiwa gizani. Wazulu na Waingereza wamejaa katika ubao mmoja, wamechongwa kwa kisu kimoja, na kichwa cha picha chataja pande zote mbili kwa majina yao. Ufundi wake ni jamaa wa ufundi wa magazeti ya mwaka 1879: wino mweusi, karatasi nyeupe, na kisu kinachoondoa kisichotakiwa. Tofauti ni kwamba kisu kilikuwa mkononi mwa mtu aliyesoma mahali palepale, na ubao haukugawanywa vipande kwa mafundi wasioijua nchi.

Na mwaka 1999 huko Isandlwana, miongoni mwa mawe ya makaburi ya Waingereza na nguzo za vikosi vyao, uliwekwa ukumbusho wa Wazulu waliokufa, kazi ya Gert Swart: mkufu mkubwa wa shaba, mfano wa isiqu, ule ambao shujaa wa Kizulu alivikwa kwa ushujaa wake. Hauna sura ya mtu wala farasi. Baada ya miaka 120 ya sura zilizochorwa na wengine, labda hilo nalo ni jawabu.

Lakini kivuko cha Kambule bado hakina picha ya kulingana na zile tatu. Mwanahistoria atakayeziandika tena picha za vita hivi na aanzie hapo, penye ukingo wa mto, awaulize wale wapanda farasi majina yao.